Kuni za Kambi (Bonde la Ufa la Kati, Kenya)

Kuni za kambi ni kuni zinazookotwa nyikani kwa ajili ya moto wa kupikia na kuota. Mji wa Nakuru uko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na baridi huingia mara tu jua linapozama. Menengai na Eburru, kulikoinuka zaidi, moto wa usiku si anasa.

Mti wa kwanza kutajwa hapa ni leleshwa (Tarchonanthus camphoratus), jina lililotoka kwa Wamaasai. Ni kichaka cha majani ya kijivu, meupe upande wa chini, kilichotapakaa Gilgil, Elmenteita na Naivasha. Fikicha jani viganjani, harufu ya kafuri itakupanda puani. Mafuta yenye harufu hiyo ndiyo yanayoufanya mti ushike moto hata ukiwa mbichi. Makaa yake hudumu, na wachoma makaa wameuandama kwa sababu hiyo. Mutamaiyo, yaani mzeituni mwitu, ni mzito zaidi: gogo lake likiwekwa jioni, alfajiri bado kuna kaa la kuchemshia chai. Lakini hukua polepole mno, na kuukata ukiwa hai kwa ajili ya sufuria moja ni ufujaji mtupu. Mutarakwa, yaani mwerezi, huchanjika vizuri, ila hurusha cheche; usiukokee karibu na hema.

Iko pia miti ya kuachwa. Euforbia kubwa zenye maziwa, zilizojaa upande wa mashariki wa Ziwa Nakuru, huumiza macho kwa utomvu na kwa moshi. Mchungu (Acokanthera schimperi) ndio uliotumiwa kupikia sumu ya mishale. Anayechonga kijiti cha mshikaki kwa mti asioujua anacheza na roho yake.

Ukavu hupimwa kwa kuvunja. Kijiti kikilia "ka!" kimekauka, kikipinda, kiache. Tawi lililokufa likabaki limenasa juu ni bora kuliko lililolala chini, hasa Aprili na Mei, ardhi inapokuwa imelowa. Gogo la chini usiliinue kwa mikono mitupu: ligeuze kwa fimbo, kwa maana kifutu na nge hupenda kivuli chake. Wageni wengi hukimbilia magogo wakasahau vijiti vya kuwashia, kisha wanamaliza kiberiti kizima wakipuliza moshi.

Ndani ya hifadhi za taifa kuni haziokotwi ovyo. Uliza langoni au ufike na zako. Kwenye misitu ya serikali, kama Eburru, kibali hutolewa na Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS).

Machi 2009, wakati wa ukame, moto uliteketeza nyasi na vichaka vya Mlima Longonot. Ili moto usisambae hivyo, moto wa kambi huzimwa kwa maji, jivu likakorogwa kwa kijiti, kisha likamwagiwa tena; ukisogeza mgongo wa kiganja juu yake na kuhisi joto, haujazimika.