Mchoro wa Mpangilio na Ujifunzaji Tendaji

Mchoro wa mpangilio ni umbo la visanduku, miduara na mishale ambalo humsaidia mwanafunzi kuonyesha jinsi mawazo ya somo yanavyohusiana, kama vile sababu na matokeo yake, jumla na sehemu zake, au vitu viwili na sifa vinazoshirikiana. Tafsiri sisisi ya istilahi ya Kiingereza graphic organizer, yaani kipangilio cha picha, haifai sana, kwa kuwa picha humpeleka msomaji kwenye kielelezo kilichokamilika, ilhali kiini cha istilahi hii ni kitendo cha kupanga, na mpangaji ni mwanafunzi mwenyewe. Miongoni mwa aina zake zinazojulikana zaidi ni mchoro wa Venn, uliotokana na kazi ya mwanamantiki Mwingereza John Venn ya mwaka 1880, na ramani ya dhana, iliyobuniwa na Joseph Novak na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, ambayo baada yake waathirika wa mabondeni walihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni, yanafaa kuwa mfano. Wanafunzi wakiandika mafuriko katikati, mvua kubwa, makazi ya bondeni na mitaro iliyoziba vitakaa upande wa sababu, na kuhama kwa kaya upande wa matokeo. Lakini mara watabishana iwapo taka mitaroni ni sababu yenyewe au ni tokeo la uzoaji hafifu, na ubishi huo, ambao aya ya kitabu ingeweza kuuficha, ndio ujifunzaji tendaji, yaani ule unaomtaka mwanafunzi afikiri na kuamua badala ya kupokea tu.

Katika madarasa yenye msongamano, kama yale ya Mbagala, wilayani Temeke, mchoro mmoja kwa kikundi unatosha, hata ukichorwa kwa chaki sakafuni au nyuma ya kalenda iliyopitwa na wakati. Uhaba wa karatasi za manila si kikwazo kikubwa kama mazoea ya mwalimu kuchora kila kitu ubaoni na wanafunzi kunakili, kwani hapo mchoro hugeuka kuwa nukuu zenye mistari. Afadhali mwalimu aache visanduku vitupu, kisha amtake kila mchoraji asome mshale wake kama sentensi kamili. Usiosomeka hufutwa na kuchorwa upya.