Farasi Waliofia Njia ya Kondoa

Sisi wa Kondoa tunapaswa kumjua Jacob van Deventer. Huyu ni Kaburu aliyepigana na Waingereza hadi 1902, akatoka na jeraha la koo lililomwachia sauti ya kukwaruza. Mwaka 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akaja huku, safari hii upande wa Waingereza haohao, akiongoza kikosi cha farasi kutoka Afrika Kusini.

Aliondoka Arusha mwanzoni mwa Aprili, masika yamepamba moto. Akauteka mlima Lolkisale penye chemchemi, na tarehe 19 akaingia Kondoa. Mbung'o na maradhi viliua farasi kwa mamia. Njia ikawa tope tupu, chakula hakifiki. Mwezi Mei Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alimshambulia usiku, akashindwa kumng'oa. Wengi humsifu van Deventer kwa mwendo ule. Mimi naona aliwaponza askari wake, wakashikwa na njaa na homa.

Mwishoni mwa Julai aliingia Dodoma, penye reli. Mwaka 1917 akawa kamanda mkuu wa Waingereza Afrika Mashariki. Farasi wengi walikuwa wamekufa. Mizigo ilibebwa na wapagazi Waafrika, nao wakafa kwa maelfu. Walimu wa historia, wafundisheni watoto habari za wapagazi hao pia.