Msitu wa Upare Hausomwi kwa Miaka Mitatu

Katika kinamasi cha Lomwe, Upare ya Kaskazini, watafiti walitoa mashapo yaliyohifadhi kumbukumbu ya miaka 1,400. Ndani ya tope hilo mlikuwa na chavua ya miti ya mlimani na ya mimea inayofuata nyayo za mkulima, tabaka juu ya tabaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 na Matthias Heckmann, Veronica Muiruri, Arnoud Boom na Rob Marchant. Utafiti huo una asili yake katika Chuo Kikuu cha York, Uingereza, ambako kundi la Marchant limekuwa likichunguza jinsi mifumo-ikolojia ya tropiki inavyobadilika pamoja na tabianchi na watu wake. Mwaka huohuo Heckmann alitoa makala nyingine, iliyofuatilia matumizi ya ardhi na mmomonyoko wa udongo katika Upare ya Kaskazini kwa muda wa miaka 2,000. Humo aliwaweka pamoja wakulima, wayeyusha chuma na misafara ya biashara.

Kuwaweka pamoja watu hao ni jambo la msingi. Wahunzi wa Kishana wa Ugweno, kaskazini mwa Upare, walijulikana hadi Uchagani kwa majembe na silaha zao, na chuma hakiyeyuki bila makaa ya miti. Profesa Isaria Kimambo alikwisha kuonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1991, jinsi uchumi wa dunia ulivyoigusa Upare kuanzia miaka ya 1860. Kwa hiyo anayepanda milima hii akitafuta msitu usiowahi kuguswa, ili aufanye kipimo cha mabadiliko ya leo, hatauona kirahisi. Msitu uliopo umeishi na watu kwa karne nyingi, na mabadiliko yake huenda kwa mwendo wa vizazi. Hapo ndipo hoja ya makala haya inapoanzia: ikolojia ya misitu ya Upare haiwezi kueleweka kwa miradi ya miaka mitatu mitatu, hata ikifanywa na wataalamu hodari kiasi gani. Inahitaji upimaji usiokatika, wenye makao yake katika wilaya za Same na Mwanga.

Milima ya Upare ni sehemu ya Tao la Mashariki, mnyororo wa safu 13 unaoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa na Mahenge. Mawingu ya Bahari ya Hindi huyalisha mabonde ya juu, huku mji wa Same, ulio chini upande wa magharibi, ukibaki katika ukame wa mkonge na vichaka vya miiba. Juu yake, katika Upare ya Kusini, uko msitu wa Chome wenye kilele cha Shengena, mita 2,462 kutoka usawa wa bahari. Ndege mdogo Zosterops winifredae hapatikani mahali pengine duniani. Mwaka 2010 Simon Loader, David Gower, Wilirk Ngalason na Michele Menegon walitangaza spishi tatu mpya za vyura wa jenasi Callulina kutoka milima hii: laphami wa kaskazini, shengena na stanleyi wa kusini. Vyura hawa hawapitii hatua ya kiluwiluwi majini. Uhai wao unategemea unyevu wa sakafu ya msitu. Joto likipanda, viumbe wengi wa milimani husogea juu kufuata ubaridi. Chura wa Shengena anaishi karibu na kilele. Akisogea, atafika wapi?

Swali hilo halijibiwi kwa safari moja ya kukusanya vielelezo. Linadai mtu arudi mahali palepale, msimu uleule, mwaka baada ya mwaka.

Faida ya kurudi inaonekana kwa jirani. Kule Kilimanjaro, Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth alifuatilia uoto kwa muda mrefu, na mwaka 2005 akaandika jambo lililopindua mjadala uliozoeleka: moto unaoteketeza misitu ya juu unaunyima mlima maji mengi zaidi, yale yanayonaswa na miti kutoka kwenye ukungu, kuliko kuyeyuka kwa barafu. Dunia nzima ilikuwa ikiitazama barafu. Baadaye watafiti wa Ujerumani na Tanzania waliweka viwanja 60 vya utafiti kuanzia savana hadi maeneo ya juu kabisa ya mlima huohuo. Upare, inayoonana na Kilimanjaro siku ya anga safi, haijapata uangalizi wa namna hiyo, ingawa haina barafu ya kuitegemea na misitu ndiyo hazina yake ya maji.

Wapo watakaosema setilaiti zinatosha. Ni kweli kwamba zinaonyesha vizuri msitu uliofyekwa, lakini hazioni vizuri msitu unaochopolewa mti mmoja mmoja. Chome imeumizwa kwa muda mrefu na wapasua mbao wanaotafuta mkulo, Ocotea usambarensis, mti mkubwa wenye mbao za thamani, ambao huchipua zaidi kutoka mizizini kuliko kwa mbegu. Mkulo mmoja ukiangushwa, miti ya jirani huziba pengo, na picha ya anga hubaki ya kijani. Aliye chini ya miti ndiye anayejua kwamba jitu limeondoka.

Umuhimu wa majitu hayo ulidhihirika mwaka 2021, pale Aida Cuni-Sanchez na wenzake wengi, wakiwamo Waafrika, walipochapisha katika jarida la Nature vipimo vya misitu ya milimani kutoka maeneo 44 katika nchi 12 za Afrika. Wastani ulikuwa tani 149.4 za kaboni kwa hekta juu ya ardhi, theluthi mbili zaidi ya kiwango kilichokuwa kikipendekezwa na Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi. Namba hiyo kubwa huanzia kwenye utepe: shina hupimwa kipenyo kwa kimo cha mita 1.3, mti hupewa kibati chenye namba, na jina lake huandikwa. Anayeujua mti kwa jina mara nyingi ni mwenyeji wa kijiji cha jirani.

Tena msitu wa Upare hauishii kwenye mpaka wa hifadhi. Maji yake hushuka hadi kwenye ndiva, mabwawa ya jadi yanayokusanya maji usiku ili yamwagilie mashamba mchana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), taasisi ya UNESCO-IHE ya Uholanzi na Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal walishirikiana kuchunguza bonde la Makanya. Katika kazi hiyo wahaidrolojia walikaa na wakulima wa Vudee na Bangalala, wakapima mito na kufuatilia ugawaji wa maji kati ya walio juu na walio chini. Huo ni utafiti wa kupigiwa mfano, kwa kuwa ulikubali kwamba kamati ya ndiva ni sehemu ya mfumo-ikolojia kama ulivyo mkondo wenyewe. Kasoro yake ni ile ya miradi yote: ulikuwa na tarehe ya mwisho. Mvua za Same hazina.

Upande wa kaskazini ipo misitu midogo ya koo, mpungi na mshitu, iliyohifadhi matambiko na jando. Mtafiti Michael Sheridan ameonyesha kwamba historia yake ni ya mivutano ya mamlaka, dini na ardhi, si ya utulivu wa kale. Mwanaikolojia anayehesabu miti humo bila kuuliza nani alikatazwa kuikata, na tangu lini, atarudi na nusu ya jibu.

Ipo hofu ya haki pia: kwamba sayansi ikikita mizizi, inaweza kuwa mlinzi wa geti. Katika hifadhi ya Mkomazi, chini ya milima hii, wafugaji waliondolewa mwaka 1988, na miaka ya 1990 ukafanyika utafiti mkubwa wa viumbe ulioongozwa kutoka Uingereza. Mtafiti Dan Brockington alieleza mwaka 2002 gharama waliyoibeba walioondolewa. Somo hilo halifai kusahauliwa Chome. Kituo cha utafiti ambacho vijiji havina kiti katika uongozi wake hakistahili kujengwa.

SUA, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Taasisi ya Utafiti wa Misitu na Wakala wa Huduma za Misitu wanaweza kuanza na hatua za gharama ndogo: viwanja vya kudumu kutoka nyanda za Makanya hadi Shengena, vinavyopimwa upya kila baada ya miaka mitano na vijana wa hapohapo waliofunzwa na wanaolipwa, mashine za kupimia mvua na ukungu katika shule za milimani, na nakala ya kila tasnifu iliyoandikwa kuhusu Upare ikiwekwa Same, pamoja na muhtasari wa Kiswahili kwa kamati za ndiva. Vyuo vya nje vinavyopata vibali vya kufanya utafiti katika milima hii viwekewe sharti la kuacha Same nakala na muhtasari kama huo.