Ile Picha ya Mtoto Tumboni Ilianzia Kwa Boila

Wasee, ile picha ya kijivu ya mtoto tumboni yenye watu huweka status na emoji za machozi, mnajua ilitoka wapi? Mimi nilidhani kuna daktari alikaa chini akaivumbua. Wapi! Ni mambo ya watu wa chuma.

Rudi 1880. Pierre Curie (ndio, yule bwanake Marie) na kakake Jacques waligundua kwamba ukibana kipande cha kwatzi kinatoa umeme. Na kinyume chake: ukikipa umeme, kinatetemeka. Paul Langevin, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Pierre, akatumia hiyo kwatzi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza kurusha sauti majini, kusaka nyambizi. Sikio letu linaishia kama mitetemo 20,000 kwa sekunde. Hii ilipita hapo. Ikigonga kitu mwangwi unarudi. Pima muda, unajua umbali. Baadaye Floyd Firestone wa Chuo Kikuu cha Michigan akaileta kwa chuma, kutafuta nyufa zenye huwezi kuona kwa macho. Hataza yake ni ya 1942.

Sasa story yenyewe. Glasgow, 1955. Ian Donald, profesa wa ukunga aliyekuwa jeshi la anga wakati wa vita, anajiuliza: kama sauti inaona ndani ya chuma, mbona isione ndani ya mtu? Tarehe 21 Julai akapakia vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa kwa buti za magari, akavipeleka kiwanda cha boila cha Babcock & Wilcox, Renfrew. Wenyeji wakamtafutia steki kubwa ya kulinganisha. Hebu jifanye wewe ndio fundi, umeingia zamu, unapata hiyo meza.

Lakini ilifanya. Uvimbe wa maji ulipitisha sauti hadi ng'ambo ndio mwangwi ukarudi; ule mgumu uliimeza pole pole.

Halafu kuna Tom Brown. Mhandisi kijana wa Kelvin & Hughes, miaka ishirini na kitu, anasikia kuna profesa anapima wagonjwa na mashine ya kutafuta nyufa. Akampigia simu. Hivyo tu. Ndiye alimtafutia mashine bora, kisha akaunda yenye ilichora picha badala ya kuonyesha miruko ya mstari kwa skrini.

Kulikuwa na mama mmoja ameshaambiwa ana saratani ya tumbo, haipasuliki, basi. Wakampima. Mwangwi ukasema hayo ni maji. Akapasuliwa, ukatolewa uvimbe mkubwa wa ovari, na akapona. Madaktari waliokuwa wakicheka wakanyamaza.

Makala yao yalitoka kwa jarida la The Lancet tarehe 7 Juni 1958. Majina ni matatu: Donald, John MacVicar, Brown. Huyo wa mwisho hakuwa daktari. Ndiye alipiga simu.