Daftari Mbili za Voi

Mwaka 1915, Wajerumani waliokuwa wameshika Taveta walituma vikosi vidogo kuvuka nyika kuja kulipua reli ya Uganda, ile inayopita Voi. Reli ilikuwa ya njia moja. Treni haikuondoka mpaka stesheni ya mbele ikubali kwa telegrafu, na karani wa kila upande aliandika saa. Treni isipofika, au waya ukinyamaza, ilibidi kulinganisha daftari mbili: Voi inasema imetoka, ya mbele inasema haijaona kitu. Basi shida iko katikati.

Mimi husoma logi hivyo hivyo. Mabaharia wetu wana neno lake la zamani, batli, daftari la safari ya chombo.

Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya kwenda Nairobi ilifuata njia ileile ya reli. Siku hizi kijana wa Voi anaweza kufanya kazi kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya programu tu, iliyo ndani ya seva ya mbali. Kinachomfikia ni picha ya skrini yake. Siku skrini inapokuwa nyeusi tii, mwenye kazi ng'ambo anadhani umelala, na malipo yako mashakani. Wewe nawe unalaumu mtandao.

Tulia, fungua logi za pande zote mbili. Kwanza, saa. Seva nyingi huandika saa ya UTC, nasi tuko mbele kwa saa tatu: 06:14 ya seva ni saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi hapa. Halafu tafuta kosa la kwanza, sio la mwisho. Yanayofuata mara nyingi ni vifusi tu.

Laptop yako ikiandika kwamba imekataliwa, kuna aliyejibu: kwa kawaida mashine iko hai, ila huduma ya skrini haijawaka. Ikiandika kwamba imengoja mpaka muda ukaisha, huenda ukuta wa usalama unameza maombi yako, au njia imekatika. Na kama seva imeandika kwamba umeingia vizuri lakini huoni kitu, acha kusumbua router. Angalia dereva ya picha ndani ya mashine.

Lakini daftari husema tu kile mtu alichoamua kiandikwe. Kutoka Voi, jeshi la Waingereza lilijenga reli kuelekea Maktau na Taveta, na wapagazi Waafrika wakabeba mizigo ya vita ile. Jina la kikosi chao bado liko Kariokor, Nairobi. Majina yao wenyewe? Mwaka 2021, tume ya Uingereza ya makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Walikufa, ila hakuna mstari.

Ndiyo maana siamini ukimya wa logi. Mashine iliyopangwa kuandika makosa makubwa pekee itakuonyesha ukurasa safi huku skrini ikikatika kila dakika kumi. Ongeza kiwango cha kuandika mapema, kabla hitilafu haijarudi. Ikishapita bila kuandikwa, litabaki neno lako dhidi ya la mwenye pesa.