Moteri Zilizokataa Kufa Kati ya Sake na Walikale

Lori linalotoka Sake kwenda Masisi, mashariki mwa Kongo, linaanza kupanda likiwa tayari kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima iliyo mbele yake inapita mita 2,000. Huko juu hewa ni nyepesi. Moteri isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, na hapo bado hujahesabu magunia ya maharagwe, abiria waliokaa juu ya magunia hayo, wala matope. Njia hii haina huruma kwa moteri iliyochoka.

Marekani, mpenzi wa magari ya zamani hukusanya vipuri miezi na miezi ili V8 ya Pontiac GTO ya 1964 iungurume tena nyumbani kwake. Ni starehe, na haki yake. Huku Masisi na Walikale kazi ni ileile, ila sababu ni nyingine: moteri ikifa, mazao yanaozea kijijini na mgonjwa anabebwa kwa machela.

Ufundi huu uliingia pamoja na barabara za wakoloni. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, chombo kilichosimamia ugawaji wa ardhi kwa walowezi. Kuanzia 1937 hadi 1955 maelfu ya familia zilihamishwa kutoka Rwanda hadi Gishari, Masisi, na mashamba na ng'ombe vikaenea milimani. Upande wa misitu, kampuni za madini zilitafuta bati na dhahabu. Mashamba na migodi hiyo ilihitaji malori, na malori yalihitaji garaji. Vijana waliingia humo kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kumshikia fundi mkuu spana. Walioangalia vizuri walitoka wakiwa mafundi.

Kisha mambo yakageuka. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zingepewa Wazaire, kama Wakongomani walivyoitwa wakati huo. Wengi waliozipokea hawakuwa na mtaji wala njia ya kuagiza vipuri nje, na magari yakaanza kuegeshwa moja baada ya jingine. Mwaka 1976 kampuni za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa SOMINKI. Oktoba 1985 soko la bati duniani likaporomoka, na SOMINKI haikupona tena. Wafanyakazi walibaki na ujuzi mikononi bila mwajiri. Waliobaki walishika Kifungu cha 15, kile ambacho hakimo katika katiba yoyote lakini kila Mkongomani anakijua: jitegemee.

Malori yaliyofaa zama hizo ni yale yanayokubali kufunguliwa chini ya mti. Mercedes-Benz 1113 ya pua, iliyoenea Afrika nzima, ni mfano mzuri: moteri yake, OM 352, ina silinda sita, ujazo wa lita 5.7 hivi, na haina kifaa cha kielektroniki cha kuisumbua akili ya fundi.

Uchunguzi unaanza kwa macho. Moshi wa buluu unaonyesha kwamba mafuta ya moteri yanaungua ndani ya silinda. Mweusi, mazutu ni mengi kuliko hewa, au nozeli inadondosha badala ya kupuliza ukungu. Mweupe usiokoma hata moteri ikishapata moto, mara nyingi ni maji yanayopenya kwenye gasketi ya kichwa. Kisha inapimwa kompresheni. Silinda ikiwa dhaifu, fundi hutia ndani matone machache ya mafuta na kupima tena: nguvu ikipanda, ringi ndizo zilizolika, isipopanda, mara nyingi kosa liko kwenye valvu. Valvu husagwa kwa mkono. Fundi hupaka dawa ya kusagia, huzungusha huku na huku, hunyanyua, hupanguza, hutazama, hadi mstari wa kijivu uzunguke ukingo wote bila kukatika. Silinda iliyopanuka sana ndiyo inayomshinda. Hiyo lazima ipelekwe kwenye mashine mjini.

Vita viliwanyima mafundi hata barabara yenyewe. Machi 1993 mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakasambaa hadi Masisi. Baada ya vita vya 1996 na 1998 njia nyingi zilimezwa na msitu. Hata bati la Bisie, mgodi uliovuma tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilibebwa mgongoni kwa mizigo ya kilo 50 kupitia porini, kisha likapakiwa kwenye ndege ndogo huko Kilambo. Ndege hizo zilitua juu ya kipande cha lami cha barabara ya taifa, na magari yalisimamishwa kuzipisha.

Leo pikipiki zinapita pale malori yanapokwama, na baadhi ya malori ni ya Kijapani yenye usukani wa kulia, yaliyofika kupitia Mombasa, katika nchi inayoendesha upande wa kulia. Mapema mwaka 2025 vita vilipita tena Masisi, Sake na Goma, na Machi vikafika Walikale mjini. Hata kampuni ya Alphamin, inayochimba bati huko Bisie, ilisimamisha kazi kwa wiki kadhaa.

Historia ya bati imeandikwa kwa tani na kwa majina ya kampuni. Historia ya waliofanya malori yake yatembee haijapewa nafasi hiyo. Vyuo vya ufundi vya Goma viwaite wazee wa garaji kungali mapema, viandike mbinu zao, na viwape nafasi ya kufundisha.