Barua Iliyotoka Misri: Imam Layth na Imam Malik Walivyopingana



 Mwezi mtukufu wa Ramadhan sisi huuanza kwa ugomvi. Unajua mwenyewe ninachokusudia: huyu amefunga kwa mwezi ulioonekana Saudia, yule angoja uandame hapa kwetu, na kabla ya futari ya kwanza watu washaitana majina. Na mimi si msafi katika hili. Mwaka wangu wa kwanza chuoni, mwenzangu mmoja alinipa karatasi tatu alizoziandika kwa mkono, akieleza kwa nini yeye anafuata mwandamo wa nje. Nikasoma mistari ya mwanzo, nikaona nishajua anakoelekea, nikamjibu mbele ya watu baada ya swala ya Ijumaa. Nikamjibu kwa maneno makali. Usiku wake ndipo nilipozisoma karatasi zote. Ile hoja niliyompiga nayo, yeye alikuwa ameitaja katika ukurasa wa pili na kuijibu. Lo! Sijapata kuona haya kama siku ile.

Kwa hiyo nilipokutana na kisa hiki, nilikisoma kama kimeandikwa kwa ajili yangu. Twende pamoja Madina na Misri, karne ya pili ya Hijra.

Imam Malik bin Anas unamjua. Kwa kauli mashuhuri alizaliwa Madina mwaka 93 Hijria (711) na akafariki huko huko mwaka 179 (795). Ndiye mwenye Muwatta. Imam Layth bin Sa'd huenda humjui, na hilo si kosa lako, sababu yake utaiona mbele. Yeye alizaliwa Misri, katika kijiji cha Qarqashanda, mwaka 94 (713), akawa ndiye mufti mkubwa wa nchi ile, akiishi mji wa Fustat. Na alikuwa tajiri, tena mkarimu kupita kiasi. Wote wawili walisoma kwa Ibn Shihab az-Zuhri na kwa Nafi', aliyekuwa mtumwa wa Abdullah bin Umar (R.A.) kisha akaachwa huru. Yaani walimu wao ni wale wale.

Basi habari zikamfikia Malik kwamba Layth huko Misri anatoa fatwa zinazokhalifu amali ya watu wa Madina. Kwa Malik hilo halikuwa jambo dogo. Madina ndiko Mtume (S.A.W.) alikohamia, ndiko Masahaba walikokaa, na jambo ambalo watu wa mji ule wamelirithi kizazi kwa kizazi, kwake lilikuwa dalili nzito. Akaandika barua. Barua yenyewe ni fupi, na hamna ndani yake neno "mpotofu". Alimtaja Layth kwa uaminifu wake, ubora wake na cheo chake kwa watu wa nchi yake, na namna walivyomhitaji. Kisha akasema lake waziwazi, akamalizia kwa kumwambia kuwa hakumwandikia ila kwa kumtakia kheri.

Jibu la Layth ndilo refu. Baada ya salamu na kushukuru kusikia Malik ni mzima, anagusia jambo ambalo mtu aweza kulipita bila kuliona: Layth alikuwa amempelekea Malik vitabu vilivyomfikia Misri kutoka kwa Malik mwenyewe ili avihakiki, na Malik amevisoma, amevisahihisha, amevipiga muhuri wake na kuvirudisha, navyo vimefika. Layth anamshukuru na kumuombea dua.

Hebu tutulie hapo kidogo. Huyu ni mtu unayempinga katika fatwa zake. Hakuna matbaa, kitabu chanakiliwa kwa mkono, na kutoka Fustat hadi Madina ni safari ndefu ya jangwani. Na wewe umekaa ukasoma vitabu alivyokupelekea ukamsahihishia! Mimi karatasi tatu zilinishinda.

Halafu Layth hakurukia kujibu. Kwanza aliyarudia maneno ya Malik: kwamba umesikia natoa fatwa zinazokhalifu watu wa kwenu, kwamba yanipasa kuihofia nafsi yangu kwa kuwa watu wa huku wananitegemea, na kwamba watu huwafuata watu wa Madina. Akakiri kuwa Malik amesema kweli, na kwamba yeye mwenyewe ni katika wanaochukia mno fatwa za kigeni na kuwatukuza mno wanavyuoni wa Madina waliotangulia. Nadhani Malik alipofika hapo alisema moyoni, naam, huyu amenifahamu.

Ndipo akaingia kwenye hoja. Masahaba wengi walitoka Madina kwenda jihadi, na katika kila jeshi palikuwa na kundi lililowafundisha watu Kitabu cha Allah na Sunna. Abu Bakr, Umar na Uthman (R.A.) hawakuwa wenye kughafilika na majeshi yao. Sasa jambo walilolifanya Masahaba Misri, Sham na Iraq mpaka wakafa, wala hawakuamrishwa jingine, vipi leo tuwaambie watu waliwache? Tena, Masahaba wenyewe walikhitilafiana, na waliokuja baada yao wakakhitilafiana zaidi, hata ndani ya Madina.

Hapa anamtaja Rabi'a, mwalimu wa Malik, ambaye Layth alimpinga katika mambo kadhaa. Anasema hivyo bila kuficha, na anamkumbusha Malik kuwa hata yeye aliyachukia baadhi ya mambo hayo. Lakini hapo hapo anataja akili ya Rabi'a, ufasaha wa ulimi wake, na mapenzi yake ya kweli kwa ndugu zake, na kumuombea rehema.

Kisha mifano. Mmoja ni kuzikusanya Magharibi na Isha usiku wa mvua, kama walivyofanya watu wa Madina. Layth akasema mvua ya Sham ni nyingi mno kuliko ya Madina, na huko walikuwako Abu Ubayda, Khalid bin Walid, Yazid bin Abi Sufyan, Amr bin Aas na Mu'adh bin Jabal (R.A.), wala hakuna imamu kati yao aliyezikusanya kwa mvua. Ni hoja nzito. (Sisi wa pwani, tulio wengi wa madhehebu ya Shafi, katika suala hili tuko karibu zaidi na Malik. Wala haituzuii kuona kuwa Layth alijenga vizuri.)

Ni nani aliyeshinda? Hakuna. Kila mmoja alibaki na rai yake. Imesimuliwa kuwa Layth alikuwa akimpelekea Malik dinari 100 kila mwaka. Na Malik alipotaka kumuoza binti yake, alimwandikia Layth ampatie usfuri kidogo, ule mmea wa kutilia nguo rangi. Layth akampelekea mizigo 30 ya ngamia. Malik akatumia, akauza kwa dinari 500, na mwengine ukabaki.

Sasa ile sababu ya wewe kutomjua Layth. Imam Shafi, ambaye ni mwanafunzi wa Malik, alifika Misri zaidi ya miaka 20 baada ya Layth kufariki mwaka 175 (791). Imepokewa kwamba alisema Layth alikuwa na fiqhi zaidi ya Malik, ila wanafunzi wake hawakumsimamia. Madhehebu yake yakapotea. Barua hii lakini ilinakiliwa, na karibu miaka 600 baadaye Ibn al-Qayyim akaiweka nzima katika kitabu chake I'lam al-Muwaqqi'in. Katika mwisho wake Layth anamuombea Malik umri mrefu, kwa kuhofia hasara watakayoipata watu akiondoka mfano wake, na anamtaka amwandikie hali yake, ya watoto wake na haja yoyote aliyonayo.

Yule mwenzangu nilimwendea siku ya pili nikamtaka radhi, nikamrudishia karatasi zake. Yeye bado hufuata mwandamo wa nje, nami bado nangoja wa hapa. Mwaka jana tulipishana siku moja. Idi yake mimi nimefunga, na mamake akaniwekea sahani yangu ya pilau mpaka Magharibi.